Mwitikiaji na Mgeuzaji: Nafasi ya Msikilizaji Katika Sigana na Pakruok za Nyanza Kusini

Utangulizi

Katika mijadala ya fasihi simulizi imekuwa desturi kusema kwamba hadhira hushiriki. Kauli hiyo hurudiwa katika vitabu vya kufundishia, katika mihadhara na katika tasnifu, na ni nadra kupingwa, kwani hakuna aliyewahi kukaa penye utambaji asisikie wasikilizaji wakiitikia, wakicheka au wakipiga makofi. Tatizo ni kwamba kauli yenyewe haijapimwa. Kushiriki ni kufanya nini hasa? Mtoto anayejibu "Pakawa!" baada ya mtambaji kusema "Paukwa!" ameshiriki. Mzee anayemkatiza mwimbaji katikati ya wimbo, akaweka fedha mbele yake na kuulazimisha wimbo ushike njia nyingine, naye ameshiriki. Wa kwanza amejaza pengo aliloachiwa. Wa pili amefungua pengo ambalo halikuwapo.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba matendo hayo mawili ni ya namna mbili tofauti, na kwamba nadharia inayoyatia katika kapu moja hupoteza jambo lililo la msingi katika sanaa ya fanani. Vitabu vya shule vya Kenya hugawa hadhira kuwa tendi na tuli. Mgawanyo huo hausaidii hapa, kwa sababu mtoto wa "Pakawa" na mzee mwenye fedha wote wawili huangukia upande wa hadhira tendi, ilhali mmoja hakubadilisha neno hata moja la hadithi na mwingine ameigeuza. Kwa ajili ya uchambuzi huu, wa kwanza ataitwa mwitikiaji na wa pili mgeuzaji. Istilahi hizo si lazima zikubaliwe. Lililo muhimu ni tofauti zinayoitaja.

Mifano imechukuliwa katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambazo kabla ya migawanyo ya miaka ya 1990 zilikuwa katika wilaya moja ya Nyanza Kusini. Eneo hilo linafaa kwa sababu mbili. Kwanza, sanaa za Waluo zinazomruhusu msikilizaji kuingilia zingali zinatendwa huko, matangani na katika sherehe. Pili, wasikilizaji wenyewe si wa namna moja. Katika visiwa vya Mfangano na Rusinga kuna Waabasuba, ambao wengi wao wamehamia Kidholuo kwa vizazi kadhaa. Katika kaunti ya Migori Waluo wanapakana na Wakuria. Na katika miji ya soko, kuanzia Awendo hadi Isebania mpakani mwa Tanzania, Kiswahili huingia kati ya lugha hizo kila siku. Fanani wa huko hawezi kudhani kwamba wote walioketi mbele yake wanaitarajia hadithi ile ile.

Mfano wa mbali

Yafaa kwanza kutazama mchezo uliozaliwa mbali sana na Ziwa Viktoria, kwa kuwa wachezaji wake wamelazimika kulijadili tatizo hili waziwazi kuliko wanafasihi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, kijana aitwaye David Wesely aliandaa mchezo wa vita wa mezani uliohusu mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, wakati wa Napoleon. Badala ya kuwapa wachezaji majeshi tu, aliwapa baadhi yao nafsi za watu wa mji. Matokeo yalimtisha. Wachezaji waliacha mpango wake, wakaanza kunong'onezana pembeni, kupatana, kulaghaiana na kupelekana mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa ametayarisha chochote. Wesely aliona kwamba mchezo umeharibika. Wachezaji walimwomba auandae tena.

Mmoja wao, Dave Arneson, aliendeleza wazo hilo katika dunia ya kubuni aliyoiita Blackmoor, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo ambao umeenea duniani tangu wakati huo. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Mtu mmoja ni mwamuzi: ndiye anayeijua nchi ya kubuni, mapango yake, wafalme wake na mazimwi yake. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na kwa zamu hutamka mhusika huyo anafanya nini. Penye shaka, dadu hurushwa. Hadithi hiyo huweza kuendelea kwa miezi au miaka, kikao baada ya kikao.

Shida ya mwamuzi ni ile ile ya Wesely. Ametayarisha mlango, na wachezaji wanapita dirishani. Amemtayarisha mfalme wa kuwaokoa, nao wanamuua katika kikao cha kwanza. Akiwarudisha kwa nguvu katika njia aliyoipanga, wanatambua mara moja kwamba uamuzi wao haukuwa uamuzi, na hamu inakufa. Akiwaachia kila kitu, hadithi inakosa uzito, kwa kuwa mambo yasiyo na gharama hayana maana. Waamuzi wenye uzoefu wamefikia jawabu moja: mtu asitayarishe mfuatano wa matukio, atayarishe watu na mahali. Akijua kila mtu wa mji ule anataka nini, anamwogopa nani na anadaiwa nini na nani, basi lolote wachezaji watakalofanya litapata jibu, na jibu hilo litakuwa la kweli kwa dunia ile. Njia inaweza kuachwa, lakini mji hauachiki.

Jawabu hilo halikuwa geni kwa fanani wa Kiluo. Tofauti ni kwamba yeye hakuliandika.

Siwindhe na maswali ya watoto

Katika boma la Kiluo la zamani, wasichana na watoto wadogo walilala katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim. Humo walifundishwa sigana, vitendawili na ngero, pamoja na mengi yasiyosemwa mchana. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha mwaka 1989 juu ya Siaya, wamesisitiza kwamba pim mara nyingi hakuwa wa ukoo wa boma lile; alikuja na maarifa ya kwingine. Jambo hilo lina maana kwa mada hii. Watoto waliolala mbele yake walikuwa wa mama mbalimbali wa boma moja, wenye wivu na mapatano ya mama zao, na swali lolote kutoka kwao lingeweza kuwa na mama ndani yake.

Ichukuliwe sigana ya Simbi Nyaima, inayojulikana sana katika Homa Bay. Mwanamke mzee aliyechoka anafika usiku katika kijiji chenye sherehe ya pombe. Anaomba hifadhi na chakula, anafukuzwa huku na huku, mpaka mwanamke mmoja anamkaribisha. Mgeni anamwonya aondoke. Mvua inanyesha, na kijiji chote kinazama. Masimulizi hayaafikiani katika kila kipengele, hasa kuhusu mume wa mwanamke yule mkarimu, lakini yote yanaafikiana kuhusu mwisho, kwa sababu ziwa lenyewe lipo: ziwa dogo la kreta, lenye maji ya magadi, karibu na Kendu Bay, na kila mtoto wa maeneo hayo ama ameliona ama atapelekwa kuliona.

Huo ni mwisho uliofungwa na ardhi. Hakuna msikilizaji awezaye kukiokoa kijiji. Mtu angedhani basi kwamba mgeuzaji hana nafasi, lakini hali ni kinyume. Kwa kuwa mwisho haumo hatarini, pim anaweza kuuachia huru mwili wa hadithi. Chukuliwe mfano wa kubuni: mtoto anauliza kwa nini mwanamke yule hakuwaamsha majirani. Swali hilo halimo katika hadithi. Pim akisema "nyamaza, sikiliza", ameshinda ukimya na kupoteza mtoto. Akijibu, itambidi ajue mambo fulani: kwamba mke aliyeolewa kijijini ni mgeni kijijini, kwamba walevi hawaamshwi na mwanamke, kwamba labda alibisha hodi katika nyumba ya mke mwenzake na hakufunguliwa. Hapo tukio jipya limezaliwa, lenye mlango, sauti na aibu, na binti aliyeuliza huenda akatambua mlango huo ni wa nani. Kisha maji yanakuja kama yalivyopaswa kuja.

Sigana za Apwoyo, yaani sungura, zina hali nyingine. Mwisho wake haukufungwa na ziwa wala mlima. Kinachojulikana ni tabia tu. Kila mtu anajua kwamba sungura atadanganya. Namna atakavyodanganya inaweza kubadilika usiku hata usiku, na mtoto anayependekeza hila mpya anaweza kuikuta imetumika kabla usingizi haujamchukua. Sigana inapofikia "Thu tinda", tamko la kufungia ambalo Asenath Bole Odaga alilifanya jina la mkusanyo wake wa mwaka 1980, hakuna anayeuliza ni nani aliyeileta hila ile.

Inaonekana basi kwamba pim huhifadhi mambo ya namna mbili. Katika visakale huhifadhi mwisho; katika ngano za wanyama huhifadhi tabia. Visivyohifadhiwa vinaweza kuguswa na msikilizaji. Kanuni hii haikutajwa popote na pim yeyote, na pengine haikuhitaji kutajwa.

Pakruok

Hata hivyo ni katika muziki ambapo mgeuzaji wa Kiluo anajitokeza kwa uwazi wote, na hapa inafaa kukaa zaidi.

Nyatiti ni kinanda cha nyuzi nane. Mpigaji, jathum, hukaa juu ya kigoda kifupi, ala ikiwa imeegemea chini. Huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu na kuigongesha katika ubao wa ala, na njuga mguuni humpa mdundo wa pili. Huimba peke yake, kwa muda mrefu, mara nyingi katika matanga. Henry Owuor-Anyumba, aliyekuwa miongoni mwa wasomi wa kwanza kuyaandikia maombolezo hayo, alichapisha makala juu yake mwaka 1964. Wimbo wa matanga una kazi maalumu. Jathum ameitwa amlilie marehemu, ataje watu wake, aseme alikuwa nani.

Katikati ya kazi hiyo mtu anasimama. Anatoa fedha, na mwimbaji ananyamaza. Ala huweza kuendelea kwa sauti ya chini au kunyamaza nayo. Mtu huyo anajisifu. Hujitaja kwa mama yake, kwa babu zake, kwa nyumba aliyoolea, kwa mpenzi, kwa mnyama au kitu alichokichagua kuwa ishara yake, na maneno yake huwa ya mafumbo kiasi kwamba wengine hucheka kabla ya wengine kuelewa. Hiyo ndiyo pakruok, neno linalotokana na kitenzi cha kusifu kikiwa kimemrudia msemaji mwenyewe. Akimaliza, wimbo unarejea, na sasa jina lake lazima liwemo.

Msomaji wa Pwani atakumbuka taarabu. Huko nako mtu huinuka, hucheza mpaka mbele ya mwimbaji na kumtunza, na kila aliyeketi hutazama ni mshororo gani uliotunzwa na ni nani aliyetazamwa wakati huo. Kelly Askew amelieleza jambo hili kwa kina kuhusu Tanga katika kitabu chake cha mwaka 2002. Lakini tofauti ni kubwa. Mtunzaji wa taarabu hununua mshororo uliokwisha kutungwa na kuuelekeza kwa adui yake. Maneno ya wimbo hayabadiliki. Mwenye pakruok huleta maneno yake mwenyewe, ambayo mwimbaji hakuyajua dakika moja kabla, na kumwachia mwimbaji mzigo wa kuyatafutia mahali. Kwa istilahi za makala hii, mtunzaji wa taarabu ni mwitikiaji mwenye hila. Mwenye pakruok ni mgeuzaji kamili.

Uzito wa mzigo huo utaonekana katika mfano, nao pia ni wa kubuni. Katika matanga ya mwalimu mmoja huko Ndhiwa, jathum amefika mahali pa kumtaja marehemu kama baba wa wengi. Mpwa wa marehemu anatoa noti na kujisifu: yeye ni fahali asiyefungwa kamba. Wasikilizaji wanashangilia. Kabla wimbo haujarejea vizuri, binamu yake anatoa noti kubwa zaidi na kusema kwamba fahali asiyefungwa kamba hula miwa ya jirani. Sasa kuna kimya cha namna nyingine, kwa sababu kila mtu anajua kuna mpaka wa shamba kati ya nyumba hizo mbili, na aliyekuwa akiwapatanisha ndiye amelazwa.

Jathum asiye na ufundi ana njia mbili. Anaweza kuyaimba majina yote mawili kwa zamu, kila jina kwa kadiri ya fedha yake, na hapo matanga yatageuka mnada. Anaweza pia kuwapuuza na kurudi kwa marehemu kana kwamba hakuna kilichosemwa. Atawaudhi wote wawili, hatalipwa tena, na fitina itabaki hewani bila mwenyewe. Mwenye ufundi huyachukua yale yale yaliyoletwa. Anaimba kwamba watu husema fahali wawili hawakai zizi moja, naye ameona zizi walimokaa. Kisha anauliza ni nani sasa atakayeziba ua wake. Kwa maneno hayo fahali wote wawili wamepewa heshima yao, ugomvi umetajwa bila kutajwa, na marehemu, ambaye alikuwa amesahauliwa kwa dakika kadhaa, amerudi katikati ya wimbo akiwa mkubwa kuliko alivyouacha. Wimbo haukupanga kuzungumzia ua. Umeufikia kwa sababu watu wawili waliukatiza.

Ni nini kinachomwezesha? Wafuasi wa Milman Parry na Albert Lord wangetaja kwanza vifungu vya maneno vilivyo tayari kinywani, na hawangekosea, kwani jathum anavyo vingi. Lord mwenyewe, katika The Singer of Tales ya mwaka 1960, aliona kwamba wasikilizaji wa mikahawa ya Yugoslavia, kwa kuingia na kutoka kwao, humlazimisha mwimbaji aurefushe au aufupishe wimbo. Lakini hapo msikilizaji anaathiri urefu tu, hagusi mwelekeo. Vifungu vilivyo tayari humsaidia fanani kusema upesi. Havimwambii la kusema pale ambapo binamu wawili wamegombana mbele yake. Kwa hilo anahitaji kitu kingine: kujua mama ya marehemu alitoka wapi, nani amemwoa nani, nani hasemi na nani. Anayeijua nasaba anaweza kumpeleka kila mkatizaji nyumbani kwake, na nyumba zote katika matanga zina mlango unaofunguka kwa marehemu. Huo ndio mji wa jathum. Mwamuzi wa Wisconsin alilazimika kuubuni wa kwake. Jathum ameukuta, ila analazimika kujifunza upya kila anapoitwa katika boma jingine.

Peter Amuka ameandika juu ya pakruok na ngero kama usemi unaokataa kutulia katika maana moja, na hoja yake inaafikiana na haya. Linaweza kuongezwa jambo moja: kutotulia huko si sifa ya maneno peke yake. Fumbo la mwenye pakruok ni pendekezo lisilokamilika, na jathum ndiye anayelikamilisha, pengine kwa namna ambayo mwenyewe hakuikusudia. Mtu alilipa ili asifiwe, akajikuta amepewa wajibu wa kuziba ua.

Pakruok haikubaki na nyatiti. Imeingia katika ohangla na katika benga, muziki ambao D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Migori, aliueneza kwa gitaa mpaka kifo chake mwaka 2006. Katika santuri za benga majina ya wafadhili na marafiki hutajwa kwa wingi, lakini humo yamekwisha kupangwa kabla ya kurekodiwa. Santuri imemgeuza mgeuzaji kuwa orodha. Wanaosema kwamba pakruok inastawi kwa sababu majina mengi yanasikika redioni wanahesabu majina, hawahesabu mikatizo.

Jukwaa la soko na la ufuo

Tatizo hilo hilo lilijitokeza mahali ambapo makosa yangeweza kugharimu uhai. Ugonjwa wa UKIMWI uliipiga Homa Bay vibaya kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Mwaka 2001 shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo katika hospitali ya wilaya hapo. Katika miaka hiyo vikundi vya maigizo vilitumiwa kupeleka mafunzo ya afya sokoni na katika fuo za wavuvi, na njia mojawapo iliyojulikana ni ile ya Mbrazili Augusto Boal, ambayo misingi yake aliichapisha katika miaka ya 1970. Igizo huchezwa mpaka mahali pabaya, kisha mtazamaji hualikwa kusimamisha mchezo, kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Waigizaji waliobaki lazima wamjibu wakiwa ndani ya nafsi zao.

Ichukuliwe mada ya tero, yaani mjane kurithiwa na ndugu wa mume. Kikundi kimeandaa igizo ambamo mjane atakataa na kusifiwa. Mwanamke kutoka kwa watazamaji anaingia na kusema kwamba hakatai. Anataka tu shemeji aende kwanza kupimwa, na cheti aone yeye mwenyewe. Hilo halimo katika mpango. Mwigizaji wa shemeji aliyefundishwa ujumbe tu hana la kusema. Ama atakubali upesi mno, na wanawake watacheka kwa kuwa wanajua shemeji hawakubali hivyo, ama atalirudisha igizo kwenye kukataa, na mwanamke yule ataketi akijua kwamba hakuitwa kufikiri. Mwigizaji anayemjua shemeji, hofu yake, hesabu yake ya shamba na macho ya wazee nyuma yake, atampinga kama shemeji hasa angempinga, na mjane atalazimika kutafuta hoja ya pili na ya tatu mbele ya watu ambao huenda kesho watazihitaji. Boal alimweka mtu wa kuongoza kati ya jukwaa na watazamaji. Nyanza Kusini haikuwa na haja ya kufundishwa kwamba mtazamaji anaweza kukatiza. Iliyojifunza upya ni kumwachia akatize bila kulipa.

Matini bila mkatizaji

Mnamo Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika, ikiwamo ya masimulizi, iwekwe katikati ya masomo. Pendekezo hilo lilizaa kazi kubwa ya ukusanyaji. Wanafunzi walitumwa vijijini na vinasa sauti, na kwa mazao yao vitabu vingi viliandikwa. Thamani ya kazi hiyo haina ubishi.

Lakini namna ya kukusanya ilikuwa na kasoro yake. Ili sauti isikike vizuri, mara nyingi mtambaji aliombwa asimulie peke yake, mchana, watoto wakiwa wamefukuzwa. Ikitokea kwamba wasikilizaji wapo na mmoja anauliza, swali lake lilihesabiwa kuwa kelele na kuondolewa wakati wa kunukuu. Kiitikio kilibakizwa, kwa kuwa kinajirudia na kinapendeza kwenye karatasi. Mwitikiaji akachapishwa, mgeuzaji akafutwa. Hata Simbi Nyaima, ambayo Odaga aliifanya pia kuwa tamthilia, humfikia msomaji ikiwa imenyooka, na ni halali kwa tamthilia kuwa hivyo. Lisilo halali ni mchambuzi kuichukua matini iliyonyooka na kuandika kwamba visakale vya Kiluo havina nafasi ya ubunifu.

Hasara hii haimhusu mchambuzi peke yake. Siwindhe imekwisha kama taasisi. Watoto wa Ndhiwa na Rongo wanalala katika nyumba za wazazi wao au katika mabweni ya shule. Kijana anayetaka kujifunza utambaji leo ana kitabu. Kitabu kitampa mwanzo, kati na mwisho wa hadithi, na hakitampa hata mfano mmoja wa namna ya kurudi baada ya kukatizwa. Akipanda jukwaani katika tamasha la shule ataisema hadithi yote bila kosa, na msikilizaji wa kwanza atakayeuliza kitu atamwangusha.

Marekebisho yanayohitajika katika unukuzi si makubwa. Mstari wa mwisho kabla ya mkatizo na mstari wa kwanza baada yake vinapaswa kuandikwa kama vilivyo, hata kama havina sarufi, kwa kuwa kiungo cha sanaa kiko kati ya mistari hiyo miwili. Uhusiano wa mkatizaji na fanani, na katika matanga uhusiano wake na marehemu, uelezwe. Jina lake si lazima. Ielezwe kama alilipa. Ielezwe kama kulikuwa na kicheko, na kilitoka upande gani. Katika Migori lugha ya mkatizo nayo iandikwe, maana Mkuria anayekatiza wimbo wa Kidholuo kwa Kiswahili amefanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na jathum anayemjibu kwa Kiswahili kisha akarejea Kidholuo ameyajibu yote mawili.

Pale ambapo kanda za zamani zimehifadhiwa, sehemu ya kazi hii inaweza kufanywa bila kwenda kijijini. Mengi yaliyoachwa nje ya karatasi hayakuachwa nje ya utepe: mtoto anauliza, mtu anakohoa, noti inawekwa, mtu anajitaja kwa mama yake, na chini ya maneno yake pete ya chuma inaendelea kugonga ubao huku mwimbaji akitafuta pa kumweka.